Meza ya kugusa kwa wanafunzi wanane: nibadilishe fremu ya infraredi au nijenge upya kwa kamera?

Kihesa_Dijitali (Iringa)

Kamwene wakuu. Kuna meza ya kugusa ya chumba cha maonyesho hapa Iringa. Wanafunzi huizunguka sita hadi wanane, na kila mmoja anatakiwa afungue picha ya zana ya mawe ya Isimila (eneo la kale karibu na Iringa), aigeuze na kuikuza bila kumsubiri mwenzake. TV ya inchi 55 imelazwa kwenye fremu ya mbao za paini za Mafinga, juu kuna kioo na fremu ya infraredi ya USB (inatambua kidole kinapokata miale ya mwanga usioonekana), pointi 10, yaani miguso 10 kwa wakati mmoja. Kompyuta ina Windows 11, programu inaendeshwa ndani ya Chrome.

Shida ni tatu. Watoto wanne wakigusa kwa pamoja picha zinaruka. Kuanzia saa tisa alasiri, jua likiingia dirisha la magharibi, miguso inatokea penyewe upande mmoja. Na mara kadhaa kwa siku programu nzima inashuka, inabaki desktop tupu. Fremu ndiyo mbovu, au nihamie kwenye kamera na projekta?

Fundi_Mwanjelwa (Mbeya)

Mkuu, kamera na projekta usiguse kwanza. Anza na hesabu: kugeuza na kukuza picha kunahitaji vidole viwili, watoto wanane ni 16, hapo bado kiganja kilichoegemea kioo. Pointi 10 haziwezi kutosha. Chukua 20 kwenda juu, ukipata 40 ni bora zaidi.

Idadi pekee haimalizi tatizo. Fremu haioni kidole, inaona mwale uliokatika. Vidole viwili vikiwekwa mbalimbali vinakata miale kwenye makutano manne: mawili ya kweli, mawili mizimu. Fremu dhaifu inabahatisha, na kidole kimoja kikiinuka inachanganya kipi ni kipi. Ndipo picha inaporuka. Fremu nzuri husoma kila taa kwa vipokezi kadhaa vya mshazari, hivyo mizimu inaondolewa. Muulize muuzaji jambo hilo kabla ya bei.

Jua lina infraredi nyingi, vipokezi vinazidiwa. Fremu nyingi zina taa pande mbili na vipokezi pande mbili. Washa kamera ya mbele ya simu, pitisha taratibu kandokando ya fremu: pande zinazong'aa zambarau hafifu ni taa, zilizo giza ni vipokezi. Sasa izungushe meza mpaka vipokezi vilipe mgongo dirisha, yaani vikae upande wa magharibi vikitazama mashariki. Kisha pazia zito, na kama chumba kina balbu za halojeni weka za LED, maana hizo karibu hazitoi infraredi.

Kagua pia mbao. Paini isiyokauka vizuri hujipinda, na upande mrefu wa TV yako ni kama sm 122. Ikipanda milimita mbili tatu katikati, miale inagonga kioo. Vuta uzi kutoka kona hadi kona utaona. Na kioo kiwe kile kinachovunjika punje punje, mm 5 au 6. Pima mara mbili kabla ya kuagiza, kikishapitishwa motoni hakikatwi wala hakitobolewi tena. Chini ya TV acha nafasi ya sm 8 na feni mbili za sm 12 za kutoa joto.

Njombe_Kodi

Niongezee upande wa programu, kwa sababu hiyo desktop tupu si kosa la fremu. Windows 11 ina ishara za vidole vitatu na vinne: vitatu vikiteremka pamoja, kila dirisha linashuka. Mfumo haujui kwamba ni watoto watatu tofauti. Ingia mipangilio ya Bluetooth na vifaa, kisha Touch, zima ishara hizo. Chrome iwashe na `--kiosk --disable-pinch`, ijaze skrini nzima na isikuze ukurasa kwa vidole.

Ndani ya programu, kila mguso una `pointerId` yake, yaani namba ya utambulisho. Ifunge na picha iliyoguswa, usitumie "kidole cha kwanza" na "cha pili" kwa meza nzima. Weka `touch-action: none` ili kivinjari kisisogeze wala kukuza ukurasa chenyewe. Na tafadhali shughulikia `pointercancel`, taarifa ambayo kivinjari hutoa mguso ukikatizwa. Watu wengi wanaisahau, halafu picha inabaki imeganda ikisubiri kidole kilichoondoka zamani.

Halafu baridi yetu. Juni na Julai kila mtoto ana sweta, na ukingo wa mkono wa sweta ukining'inia milimita chache juu ya kioo, tayari fremu imehesabu mguso. Wakunje mikono, na programu itupe mguso wowote wenye upana zaidi ya sm 4, kama fremu yako inatuma upana.

Kitufe kimoja cha "Anza upya" kiondoe kabisa: mtoto mmoja anakibonyeza, saba wanapoteza kazi yao. Kila picha iwe na alama yake ya kufunga, ifunguke ikimwelekea aliyeigusa, isikue kupita theluthi ya meza. Kitufe kisipungue sm 2. Kwa TV yako ya 4K hiyo ni pikseli 63 hivi.

Kihesa_Dijitali

Asanteni sana. Tulitaka pia mtoto aweke mfano wa shoka la mkono juu ya meza, maelezo yake yafunguke. Fremu itatambua?

Makambako_Elektro

Haitatambua. Itaona kizuizi tu, na nyuma yake kivuli kinachopoteza vidole vya wengine. Kutambua kitu kwa alama iliyo chini yake ndiko kunakohitaji kamera: reacTIVision, iliyotoka chuo cha Pompeu Fabra, Barcelona, ni programu inayosoma alama hizo na kuzituma kwa programu yako kwa TUIO (itifaki ya meza za kugusa), bandari 3333. Lakini hapo utahitaji projekta chini, taa za infraredi za nm 850, kamera iliyoondolewa kichujio cha infraredi, na jua lako la saa tisa litaisumbua zaidi ya fremu.

Njia nyepesi: bandika kibandiko cha NFC (chipu inayosomwa kwa redio ikiwa karibu) chini ya mfano, kisomaji kikae kwenye ukingo wa mbao nje ya fremu. Kinasoma kwa sentimita chache, kinatosha.

Fremu mpya ikifika, ijaribu kabla ya kuifunga. Simamisha vipande 20 vya chaki juu ya kioo, fungua programu ya kuchora, hesabu nukta. Kisha sogeza kimoja kimoja: nukta ya jirani ikitikisika, irudishe fremu. Fanya haraka, ndani ya dakika moja, kwa sababu fremu nyingine hukichukulia kitu kilichotulia kuwa ni uchafu na kukifuta.