Tupeane uzoefu: kuhuisha kibali cha ukaazi cha mume, mke au mzazi asiye raia

Mwanzilishi wa mada, Mamboleo, Kisumu

Wapendwa, hamjambo. Hapa ni pa sisi tunaoishi na mtu wetu asiye raia wa Kenya. Maswali ya kuhuisha pasi, yaani kibali cha kukaa nchini, huulizwa kila mara na majibu mazuri hupotea, kwa hivyo tuyaweke pamoja. Naomba kila mtu aseme yaliyomkuta yeye, si aliyoyasikia kwenye matatu.

Naanza mimi. Mume wangu ni Mzambia na anaishi nchini kwa pasi ya mtegemezi, mimi nikiwa mwenyeji wake. Katika pasi hii serikali inanitazama mimi raia. Barua kwa Mkurugenzi Mkuu wa Uhamiaji naiandika na kuitia sahihi mimi, kitambulisho kinachoambatishwa ni changu, na mimi ndiye ninayesema nitamtunza. Lakini nyumba nyingi ninazozijua, mgeni ndiye aliyeachiwa kazi yote. Anahangaika na fomu katika nchi ambayo bado anaizoea, huku mwenye nchi amekaa akingoja kuambiwa kwamba pasi imetoka. Hilo linaniuma. Ukimleta mtu nyumbani kwako, karatasi zake ni zako.

Sisi tunaanza miezi mitatu kabla tarehe haijafika. Kwanza tunaangalia pasipoti yenyewe. Ikiwa inakaribia kuisha, ianze hiyo, maana ubalozi wa Zambia uko Nairobi na pasipoti mpya haitoki siku moja. Kisha tunaskani kila kitu upya: ukurasa wa picha, ukurasa wenye pasi ya sasa, cheti cha ndoa, kitambulisho changu pande zote mbili, picha za rangi. Skani ziwe safi. Nimewaona watu saiba, kwenye duka la intaneti, wakipakia picha za simu zilizopigwa gizani, halafu wanashangaa maombi yanaporudishwa.

Halafu kuna kitambulisho cha mgeni, ambacho wengi hukichanganya na pasi. Hivyo ni vitu viwili. Mgeni mtu mzima anayekaa zaidi ya siku 90 lazima asajiliwe, na pasi ikihuishwa, kadi nayo ifuate. Benki na kampuni za simu huuliza kadi, polisi njiani vilevile.

Karibuni.

Mwanachama, Lurambi, Kakamega

Asante dada kwa kuanzisha hii. Yangu ni ya cheti cha ndoa.

Mke wangu ni wa Mbale, Uganda. Kwa Waluhya na Wagisu mpaka ni mto tu. Mama mkubwa wa mama yangu aliolewa upande ule ule. Ng'ombe zilipelekwa, wazee wakala, wakabariki. Kwa miaka alikuwa anavuka Malaba kwa kitambulisho chake cha Uganda, kwa kuwa raia wa nchi zetu mbili wanaruhusiwa, na mwana wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa miezi sita anapoingia. Ikikaribia kuisha, anaenda kwao kusalimia na kurudi. Hatukuona shida yoyote.

Shida ilikuja alipojifungua kwa upasuaji na tarehe ikakaribia yuko kitandani. Ndipo tukasema sasa aombe ukaazi wa kweli. Tukafika ofisini na picha za harusi, barua ya chifu, hata video ya ng'ombe zikishushwa kwenye lori. Afisa alikuwa mpole lakini alisema wazi: bila cheti cha ndoa hakuna maombi.

Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, hata za kimila. Inasema wahusika wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya sherehe za kimila kukamilika. Sisi tulikuwa tumepita hapo zamani sana. Msajili hakutufukuza. Alitaka tamko letu sote wawili kwamba taratibu za mila zilifanywa, hati ya kiapo, na wazee walioshuhudia. Baba mkwe alivuka kutoka Mbale akiwa na fimbo yake, akaketi kwenye benchi ofisini tangu asubuhi, akaulizwa, akajibu kwa Kigisu na mimi nikafasiri. Nilimheshimu mara mbili siku ile.

Cheti kilipotoka, maombi mengine yote yalikwenda. Na sasa kila wakati wa kuhuisha, cheti kile kile natoa kopi tu. Kwa hiyo ndugu zangu mliooa au kuolewa ng'ambo ya mpaka, Busia, Malaba, Lwakhakha, msingoje mtu awe hospitalini. Wazee wakiwa hai na wana nguvu ya kusafiri, sajilini.

Mwanachama, Section 58, Nakuru

Mke wangu ni Mjerumani. Tulifunga ndoa kwao, kwa hivyo cheti kilikuwa cha Kijerumani. Stakabadhi yoyote iliyo katika lugha ya kigeni lazima itafsiriwe na mtu anayetambulika, si rafiki aliyesoma kozi. Tulifanya mara moja, tukaweka nakala nyingi.

Ila nataka kusema jambo kubwa zaidi. Kwa nini mnahuisha pasi ya mtegemezi mwaka nenda mwaka rudi? Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamruhusu mume au mke wa raia kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Na Katiba, kifungu cha 15, inasema aliyeoana na raia kwa miaka 7 au zaidi ana haki ya kusajiliwa kuwa raia akiomba. Pasi ya mtegemezi haimpi mtu ruhusa ya kufanya kazi. Mke wangu ni mwuguzi. Alikaa nyumbani Nakuru, hospitali zinalia hazina watu, kwa sababu tulidhani pasi ndiyo njia pekee. Alipopata ukaazi wa kudumu tukaacha kuhesabu miezi, na suala la kibali cha kazi likaisha.

Wazazi na washauri wetu hawakutuambia, na wala sidhani walijua. Hesabuni tarehe ya cheti chenu cha ndoa leo.

Mwanzilishi wa mada

Kaka wa Nakuru, asante sana. Na ni kweli kwa wanaume pia. Kabla ya Katiba ya 2010, mwanamke Mkenya hakuweza kumpa mume wake mgeni njia hiyo ya uraia, lakini mwanamume Mkenya aliweza kumpa mke wake. Kuna akina mama hapa Kisumu, wa rika la mama yangu, ambao waume zao waliishi kwa vibali mpaka wakazeeka. Wengine bado wanaamini hali ni ile ile. Kama una shangazi wa namna hiyo, mpigie simu.

Mwanachama, Bungoma mjini

Nina la watoto. Nilirudi kutoka Uingereza na mwanangu aliyezaliwa huko, ana pasipoti ya Uingereza. Mtu mmoja anayejiita mshauri wa uhamiaji aliniambia nimlipe anitafutie pasi ya mtegemezi ya mtoto na kila mara ihuishwe. Nilikuwa karibu kutoa pesa, binamu yangu ambaye ni wakili akanizuia.

Mtoto wa Mkenya ni Mkenya. Kifungu cha 14: aliyezaliwa na baba au mama raia ni raia kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Kenya au nje, na hata aliyezaliwa kabla ya 2010. Uraia wa nchi mbili unaruhusiwa. Nilichohitaji ni kumwombea pasipoti ya Kenya kwa cheti chake cha kuzaliwa na kitambulisho changu. Nilikasirika mno, kwa sababu najua kuna wazazi wanaolipa kila mwaka ili mtoto wao aruhusiwe kuishi kwao.

Mwanachama, Kondele, Kisumu

Kwa hao wa pembeni ya ofisi wanaosema "nipe nikupitishie": malipo ya serikali yanapitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na yana risiti. Asiyekupa risiti hajalipa. Jirani yangu alikaa na karatasi ya bandia bila kujua hadi alipofika uwanja wa ndege. Nisiseme zaidi, bado anaumia.

Mwanachama, Busia

Nimewasoma wote. Mimi si ndoa. Ni mama yangu mzazi, ni Mtanzania wa Musoma, mimi nilipata uraia kupitia baba. Baba alishafariki, mama amezeeka na macho yamefifia, anaishi nami. Kila miezi sita nikimpeleka mpakani anachoka sana. Kuna njia?

Mwanzilishi wa mada

Pole kwa mama, na kwa mzee. Ndiyo, ipo. Pasi ya mtegemezi haiko kwa mume na mke tu. Inamhusu pia anayemtegemea raia kwa sababu ya umri, ulemavu au kutojiweza. Mwenyeji utakuwa wewe. Andaa cheti chako cha kuzaliwa chenye jina la mama, kitambulisho chako, pasipoti yake, na barua ya daktari inayoeleza macho na umri. Kama jina lake kwenye cheti chako limeandikwa tofauti na lilivyo kwenye pasipoti yake, hata kwa herufi moja, fanya hati ya kiapo kwanza.

Na kabla hujajaza chochote, mwulize kama yeye na mzee walikuwa na cheti cha ndoa. Ikiwa kipo, kitafute, kisha mwone wakili kuhusu haki zake kama mjane wa raia wa Kenya. Inaweza kuwa anastahili zaidi ya pasi.

Mwanachama, Busia

Kipo. Kanisani Musoma, kiko ndani ya Biblia yake. Nitakipiga kopi kesho.

Mwanachama, Lurambi, Kakamega

Kikiwa dhaifu kwa mikunjo, kiskaniwe bila kupitishwa kwenye mashine ya kuvuta karatasi. Cha mamangu kiliraruka hapo.