Nataka PES 2013 na Most Wanted kwenye simu ya Helio G99 kupitia Winlator, naombeni ushauri

Chipukizi_Tandika

Wakuu, habari za jioni.

Laptopu yangu imeungua bodi, na bei aliyonitajia fundi haipishani sana na kununua nyingine ya mtumba. Magemu yangu yapo salama kwenye diski ya nje, na mawili ndiyo yananiuma: PES 2013 la mpira na Need for Speed Most Wanted ya 2005, la mbio za magari. Simu ninayotumia ina chipu ya Helio G99, RAM GB 8, Android 14. Nafasi ipo ya kutosha.

Nimeweka Winlator, programu ya kuendesha magemu ya Windows kwenye Android, nikatengeneza kontena (Windows ya kuigiza yenye mipangilio yake) kwa kufuata video moja ya YouTube hatua kwa hatua: draiva Turnip, DXVK ya juu kabisa, skrini 1280x720. Desktopu inafunguka bila shida. Nikibonyeza PES, skrini inakuwa nyeusi, inakaa kidogo, narudishwa kwenye desktopu. Most Wanted vivyo hivyo.

Tatizo ni mipangilio au simu ndiyo haiwezi? Kuna jamaa ananisukuma niuze, niongeze hela nichukue yenye Snapdragon. Sitaki kukurupuka, naombeni mawazo ya waliopita huku.

Fundi_wa_Chipu

Mkuu, simu inaweza kwa kiasi. Kinachokukwamisha ni Turnip. Hiyo draiva imeandikwa kwa ajili ya Adreno peke yake, yaani GPU (chipu za picha) zilizomo kwenye Snapdragon. G99 yako ina GPU ya Mali-G57. Aliyerekodi ile video bila shaka alikuwa na Snapdragon mkononi na hakuona haja ya kusema.

Ngoja nieleze kazi inavyokwenda humo ndani, maana ukiielewa hutahangaika tena na video. Gemu la Windows limeandikwa kwa prosesa za Intel na AMD, simu yako ni ARM. Box64 ndiyo inayogeuza maagizo ya prosesa moja yaeleweke na nyingine, tena wakati gemu likiwa linakwenda, na ndiyo maana simu inachemka. Wine kazi yake ni kulijibu gemu: likiomba faili, dirisha au sauti, Wine inajibu kama Windows ingejibu, ingawa hakuna Windows yoyote iliyowekwa kwenye simu. Halafu kuna picha. Magemu yako yote mawili yanachora kwa Direct3D 9, lugha ya picha ya Windows, na Android haiijui hiyo. DXVK inaigeuza kuwa Vulkan. WineD3D inaigeuza kuwa OpenGL. Hizo mbili ni lugha za picha ambazo simu inazielewa. Baada ya hapo draiva ndiyo inayoongea na GPU yenyewe. Ukiweka draiva isiyo ya GPU yako, yote ya juu yanafanya kazi na bado unaona giza.

Fanya hivi. Tengeneza kontena jipya, lile la kwanza liache kama lilivyo. Kwa Mali una njia mbili. Iliyo salama ni draiva ya VirGL pamoja na WineD3D: iko taratibu, lakini magemu mengi ya zamani yanafunguka. Yenye kasi ni Vortek, ipo kwenye matoleo mapya ya Winlator, nayo hutumia draiva ya Vulkan iliyokuja na simu yako. Ukichagua Vortek, weka DXVK 1.10.3. Usiguse za 2 kwenda juu kwanza, kwa sababu kuanzia 2.0 DXVK inadai Vulkan 1.3 pamoja na nyongeza zake, na draiva nyingi za Mali hazifiki hapo. Skrini shusha hadi 800x600.

Na nakuomba sana: badilisha kitu kimoja, jaribu, ndipo ugeukie kingine. Ukibadilisha vinne kwa mkupuo, gemu likifunguka hutajua ni kipi kilichosaidia.

Mwamba_wa_Pedi

Uza hiyo simu. Nina Poco F3, Snapdragon 870 na Adreno 650, Most Wanted linateleza kwenye 1280x720 na sijagusa chochote zaidi ya Turnip na DXVK. Mali utapoteza usiku mzima kurekebisha, halafu kesho gemu jingine linakataa.

Bi_Kisiwani

Mwamba, kijana hajasema ana hela ya simu mpya. Magemu anayotaka ni ya 2005 na 2012, siyo ya mwaka jana. Ajaribu kwanza alichonacho.

Mdogo wangu, kabla ya yote, hiyo Winlator umeipata wapi? Pakua kwenye ukurasa wa mtengenezaji wake ulioko GitHub, tovuti ambako watengenezaji huweka programu zao, basi. Kuna nakala zinazosambazwa kwenye magrupu ya Telegram na chini ya video, zimefunguliwa na kufungwa upya na watu tusiowajua, na programu hii unaipa ruhusa ya kusoma faili zako. Simu hiyohiyo ndiyo yenye M-Pesa yako. Kama huna uhakika, ifute, uweke iliyo halali.

La pili, usiendeshe programu ya kusakinisha gemu ndani ya simu, hasa zile zilizobanwa. Kufungua faili zilizobanwa kupitia Box64 kunachukua muda mrefu mno na mara nyingi kunakatika njiani. Kwa vile folda za magemu unazo tayari, zihamishe nzima kwenda Download ya simu. Ndani ya Winlator utazikuta kwenye D:.

Kwa wengine mnaosoma: ukinunua gemu kwenye duka la mtandaoni la GOG unapata faili lisilohitaji programu nyingine ya kulisimamia, na hilo huku lina faida kubwa. Gemu linaloning'inia kwenye Steam, duka jingine la magemu, linakulazimu uendeshe na Steam yenyewe, mzigo juu ya mzigo. Na magemu ya mtandaoni yenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu, kama Valorant, yasahauni kabisa, kwa sababu ulinzi wake unataka Windows halisi.

Chipukizi_Tandika

Dada, nashukuru, nimeifuta ile na kuweka ya GitHub. Fundi, Mungu akubariki. Kwa Vortek na DXVK 1.10.3 PES imefunguka! Menyu naiona, timu naziona, nimeingia uwanjani.

Shida iliyobaki: wachezaji wanakimbia kama wako ndani ya maji, na sauti inakwaruza. Most Wanted inacheza vizuri kiasi, ila baada ya muda Winlator nzima inajifunga yenyewe bila ujumbe wowote.

Fundi_wa_Chipu

Safi. Tuanze na PES. Kwenye mfululizo ule, mwendo wa mechi umefungwa kwenye idadi ya fremu, yaani picha zinazochorwa kila sekunde. Fremu zikishuka, mpira wenyewe unakwenda taratibu, wala si kwamba picha inarukaruka. Kwa hiyo unachotafuta ni fremu tu.

Ndani ya folda ya gemu kuna settings.exe. Ifungue kupitia Winlator, weka ubora wa picha Low na ukubwa wa 800x600, au 640x480 ikibidi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya kontena, sehemu ya Advanced, Box64 ipeleke kwenye Performance. Gemu likianza kuanguka, rudi Intermediate. Hapohapo kuna orodha ya kori (viini) za prosesa: G99 ina kori mbili kubwa za Cortex-A76, nazo ni CPU6 na CPU7, nyingine sita ni A55 ndogo. Hakikisha zile mbili zina alama. Jaribu kuziacha zenyewe tu, kisha jaribu zote nane, uone PES inapenda ipi. Magemu hayafanani kwenye hili.

Ili usipime kwa macho, kwenye Environment Variables ongeza DXVK_HUD na thamani yake iwe fps. Utaona namba juu ya skrini. Kwa Most Wanted ongeza DXVK_FRAME_RATE yenye thamani 30. Thelathini zinazotulia ni bora kuliko hamsini zinazopanda na kushuka, na simu inachelewa kupata joto. Likishazidi, prosesa inajipunguza kasi yenyewe, na hapo hakuna mpangilio utakaokuokoa. Vua kava. Usicheze huku unachaji.

Sauti: kama draiva ya sauti ya kontena ni ALSA, badilisha iwe PulseAudio, au kinyume chake. Kukwaruza kwingine kutaisha fremu zikipanda.

Pwani_Tekno

Hilo la kujifunga nalijua, nililipata hapa Mombasa na simu yangu. Tangu Android 12, mfumo unahesabu michakato midogo inayozaliwa na programu, na zikipita 32 kwa simu nzima huanza kuziua. Wine huzaa nyingi. Kwenye Android 14 dawa ni rahisi: washa Developer options kwa kugonga build number mara saba, ingia humo utafute Disable child process restrictions, iwashe. Halafu kwenye mipangilio ya betri, Winlator iondolewe vizuizi. Funga Chrome na WhatsApp kabla ya kucheza, hizo GB 8 hazitoshi kila mtu.

Na kitu kingine ndugu: gemu ukishalifungua mara moja, litengenezee shortcut ndani ya Winlator. Kila shortcut ina mipangilio yake, hivyo PES inaweza kuwa na 640x480 na Most Wanted ikabaki 800x600 bila kuwa na kontena mbili. Kwa pedi ya bluetooth, unganisha kabla hujafungua kontena.

Mwamba_wa_Pedi

Sawa, nakubali kwa magemu hayo mawili inatosha. Lakini siku ukiwa na hela, bado nasema Adreno. Mtumba wenye Snapdragon 865 au 870 ndio wenye thamani kwa kazi hii. Usikimbilie chipu iliyotoka jana, kwa sababu Turnip huandikwa na watu wa Mesa, mradi wa draiva huria, baada ya chipu kutoka, na draiva mara nyingi huchelewa.

Fundi_wa_Chipu

Hapo Mwamba yuko sahihi, ila Kariakoo kuna mtego. Galaxy S20 za Marekani zina Snapdragon 865, za Ulaya zina Exynos 990, chipu ya Samsung wenyewe, ambayo GPU yake ni Mali-G77. Kava moja, jina moja. Angalia namba ya modeli: SM-G981U ni ya Marekani, SM-G980F ni Exynos. S20 FE nayo, G780F ni Exynos, G780G na G781B ni Snapdragon. Muombe muuzaji uweke CPU-Z, programu inayoonyesha chipu za simu, kabla hujatoa hela, usome GPU kwa macho yako. Akikataa, ondoka.

Chipukizi_Tandika

PES kwa 640x480, Low, Performance, kori zote nane: mechi nzima inakwenda mwendo wake, inashuka kidogo kwenye kona tu. Most Wanted haijifungi tena. Simu siuzi kwa sasa.

La mwisho: nataka kufuta lile kontena la kwanza lenye Turnip kupunguza nafasi. Nitapoteza kitu?

Bi_Kisiwani

Lile halikuwahi kucheza, futa. Lakini kwa hili jipya kuwa makini: C: iko ndani ya kontena, na PES 2013 huhifadhi Master League yako (ligi unayoiongoza msimu kwa msimu) kwenye Documents, folda ya KONAMI, ndani ya C: hiyohiyo. Ukifuta kontena, msimu wako wote umekwenda. Nakili folda hiyo kwenda D: kila baada ya mechi kadhaa.