Mmeniuzia kibali cha kuvua trauti, halafu njia ya mtoni mmeifunga kwa mnyororo?

Wakuu, nimetoka mtoni sasa hivi. Yaani nimetoka kuuangalia mto kwa mbali, maana kuufikia sikuruhusiwa.

Kibali ninacho. Kina muhuri, jina la mto, tarehe ya leo na idadi ya samaki ninaoruhusiwa kuchukua. Kwenye geti la hifadhi wamekikagua vizuri tu, wakanitakia siku njema. Nimepanda mlima saa moja na nusu na fimbo yangu ya kuvulia begani, nafika pale njia inapoteremkia korongoni nakuta mnyororo na kibao: "Usipite. Uhifadhi." Basi. Uhifadhi wa nini? Tangu lini, hadi lini? Askari niliyemkuta hapo naye hajui, ananiambia nishukie kwingine. Kwingine wapi? Juu ni genge, chini ni maporomoko. Labda niote mabawa.

Nikakaa kwenye jiwe nimeze hasira. Mara magari mawili ya wageni wa kambini haya hapa, yanavuka mto kwenye maji mafupi, juu ya kokoto, taratibu kabisa, mmoja katoa kichwa dirishani anapiga picha! Nyie mnaojua trauti mnaelewa kwa nini damu ilinichemka. Jike huchimba kokoto kwa mkia, hutaga humo na kufukia. Mayai hukaa chini ya mawe wiki kadhaa, yakiishi kwa maji baridi yanayopenya katikati yake. Msimu wa kutaga sisi wavuvi hata mguu hatuweki pale. Gari linapita. Halafu hatari ni mimi, mwenye ndoano moja isiyo na kijino (kile kincha cha nyuma kinachomng'ang'ania samaki), ninayelowesha mikono kabla ya kumgusa samaki!

Na msinielewe vibaya, sipingi mto kufungwa. Maji yakipanda kuzidi nyuzi 20 hivi za Selsiasi, trauti anateseka, oksijeni inapungua, na ukimchosha kwenye mshipi unaweza kumwachia akaenda kufia mbele. Yellowstone kule Marekani, hifadhi ya tangu 1872, kuna majira ya joto wamefunga mito kuanzia saa nane mchana na wakatangaza sababu. Ndoano zenye kijino na vizito vya madini ya risasi huko ni marufuku. Hiyo naiheshimu, mtu kapima maji. Huku kwetu nani kapima nini? Mnyororo haujui joto la maji.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema trauti mwenyewe ni mgeni, mito mingi alipandikizwa tu. Kweli kabisa, na kuna mito amewamaliza samaki wenyeji. Sasa kama hiyo ndiyo sababu, si mngetuita tuje tuvue zaidi? Na kama mnamlinda, vibali vya kumvua mnauza vya nini? Chagueni moja.

Nilipopiga simu ofisini nikaambiwa kibali "ni cha mto, si cha njia". Nimerudia hilo jibu kichwani njia nzima ya kurudi.

Aliyewahi kurudishiwa hela ya kibali aniambie alianzia kwa nani. Kesho asubuhi nipo mlangoni kwao, na picha za yale magari ninazo.