Naomba ushauri: ganzi ipi ya neva inafaa baada ya kubadilishiwa nyonga?

Naombeni ushauri, hasa kwa wataalamu wa dawa za usingizi na ganzi. Mama yangu, mwenye miaka 71, atabadilishiwa nyonga, na tumeelezwa kwamba anaweza kuchomwa ganzi ya neva ili kupunguza maumivu baada ya upasuaji. Ganzi ya neva kuu ya paja hulegeza misuli ya mbele ya paja, jambo linalonitia hofu kubwa kwa kuwa atatakiwa kusimama mapema na hatupendi aanguke. Ile iliyoelezwa mwaka 2018, inayolenga vijitawi vya neva vya sehemu ya mbele ya kiungo cha nyonga, inakusudiwa kuiachia misuli nguvu zake. Lakini vijitawi hivyo havihudumii ngozi. Je, maumivu ya kidonda chenyewe hutulizwaje?