Ratiba ikibana, kadi za kazi za ndege mnazijaza wakati gani?

FundiKipawa anauliza:

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni fundi wa ndege ninayejiandaa kwa mitihani ya leseni, na kwa sasa niko zamu ya usiku. Ndege huingia hanga, yaani banda la matengenezo, usiku na hutakiwa kuwa tayari kabla ya safari ya alfajiri. Ninachokiona ni kwamba muda ukibana, kazi yenyewe hufanywa kwa uangalifu lakini karatasi huachwa mpaka mwisho, kisha mtu mmoja huketi mezani na kujaza kadi zote kwa mkupuo, akisaini hata hatua zilizofanywa na mwenzake aliyekwisha kwenda nyumbani. Nikiuliza, najibiwa kwamba cha muhimu ni ndege, si makaratasi. Je, kosa la karatasi peke yake linaweza kuiangusha ndege iliyotengenezwa na mafundi wanaoijua kazi?

MkaguziMstaafu anajibu:

Marahaba, mdogo wangu. Linaweza, na limekwisha kuiangusha. Tafuta habari za safari namba 2574 ya Continental Express, ndege aina ya Embraer 120 iliyoanguka karibu na Eagle Lake, Texas, tarehe 11 Septemba 1991, na kuua watu wote 14 waliokuwemo.

Usiku wa kuamkia siku hiyo, mjini Houston, ndege hiyo ilipangiwa kubadilishiwa mipira ya kuondoa barafu kwenye kingo za mbele za mabawa madogo ya mkiani, kushoto na kulia. Zamu ya jioni ilianza kufungua skrubu, na mkaguzi mmoja, kwa nia njema ya kusaidia, akapanda juu na kutoa skrubu za upande wa juu pande zote mbili. Zamu iliyofuata ikakamilisha upande wa kulia, ikaona kwamba upande wa kushoto hautawahi kwisha usiku ule, ikauahirisha. Waliomalizia kazi hawakujua kwamba skrubu 47 za safu ya juu, upande huo wa kushoto, zilikuwa zimekwisha kutolewa, kwa sababu kadi ya kazi haikuwa na neno lolote juu yake. Mkia wa Embraer 120 una umbo la herufi T, kwa hiyo aliyesimama chini hawezi kuona kilichoko juu ya mabawa hayo, na ndege ilikuwa imekwisha kutolewa nje gizani ili kuipisha nyingine.

Mkaguzi yule aliandika kwenye karatasi ya makabidhiano kwamba amesaidia kufungua, lakini mkaguzi wa zamu mpya alikuwa amewahi kazini na kuisoma karatasi hiyo kabla mwenzake hajaandika. Skrubu zenyewe hazikupotea. Zilikuwa ndani ya mfuko, juu ya jukwaa la kupandia. Asubuhi ndege ilikwenda Laredo salama, na ilipokuwa ikirudi na kuanza kushuka, ukingo wa kushoto ukang'oka angani.

Hakuna fundi hata mmoja hapo ambaye hakujua kufunga skrubu. Ndiyo maana nawaambia vijana wote: kinachofunguliwa kiandikwe papo hapo, kabla hujashika kingine. Kadi ikisema "ukingo wa kushoto, skrubu za juu zimetolewa", hata ukipatwa na homa ukaondoka, anayefuata hawezi kuifunga kadi bila kukutana na maneno hayo.

DadaWaMipango anajibu:

Naheshimu maelezo ya mzee wetu, ila naomba mzigo wote usiachiwe fundi. Mimi hupanga ratiba za matengenezo, na najua kwamba saa tunazozitenga kwa kazi mara nyingi hazihesabu dakika za kuandika. Katika ajali hiyohiyo ya Eagle Lake, John Lauber, mjumbe wa bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri, alipinga maneno ya wenzake kuhusu chanzo cha ajali, akitaka uongozi wa shirika utajwe ndani ya chanzo chenyewe badala ya kuwekwa miongoni mwa mambo yaliyochangia. Kwangu mimi alikuwa sahihi kabisa.

Mfano mwingine ni ValuJet safari namba 592, iliyoanguka katika kinamasi cha Everglades, Florida, tarehe 11 Mei 1996, wakafa watu 110. Kampuni ya SabreTech iliyokuwa ikifanya matengenezo Miami ilikuwa na mkataba uliotoza dola 2,500 kwa kila siku ya kuchelewesha ndege. Kadi ya kazi ilidai kila mtungi wa kuzalisha oksijeni ambao haujatumika uwekwe kifuniko cha usalama. Vifuniko havikuwepo hapo karakanani, na hatua hiyo ikasainiwa kama iliyotimizwa. Baadaye mitungi ilipakiwa kwenye ndege ya abiria kwa hati iliyosema kwamba ni mitupu, ikawasha moto. Kwa dola hizo kila siku, sishangai kwamba hakuna aliyesimamisha kazi kusubiri vifuniko vya plastiki.

FundiKipawa:

Asanteni sana. Sasa nikiambiwa na kiongozi wa zamu nisaini hatua ambayo sikuifanya wala sikuiona, kwa kuwa abiria wanasubiri, nimjibu nini bila kumvunjia heshima?

MkaguziMstaafu:

Mjibu kwa adabu kwamba sahihi yako inathibitisha ulichokifanya au ulichokiona kwa macho yako, na kwamba uko tayari kupanda sasa hivi ukakikague ili usaini kwa haki. Mara nyingi ukaguzi huo ni wa dakika chache. Ikishindikana, iache hatua hiyo wazi, andika sababu pembeni, weka saa na jina lako, kisha umkabidhi mkononi mwenye leseni ya kuiruhusu ndege, si kuiacha mezani. Uamuzi wa kuichelewesha ndege utakuwa wake, naye atauamua akiwa anajua kilichobaki.

DadaWaMipango:

Na nakala ya kadi hiyo ifike kwetu mipango asubuhi ileile. Kadi iliyoachwa wazi kwa kukosa muda ndiyo inayonipa hoja ya kuomba saa zaidi kwa wakubwa. Iliyojazwa yote kwa mkupuo huwaonyesha kwamba muda ulitosha.