Vankomaisini ya dripu au linezolidi ya vidonge? Kidonda cha mzee kina MRSA

Mwana_Muheza: Wakuu, mzee wangu ana sukari ya miaka mingi na kidonda cha unyayo kimegoma kupona. Tulianza na Ampiclox za duka la dawa, ikaja seftriaksoni ya sindano, usaha ndio kwanza unaongezeka. Majibu ya kuotesha usaha yametoka: MRSA, yaani bakteria aina ya stafilokokasi aliye sugu kwa dawa nyingi. Daktari katupa njia mbili, alazwe atundikiwe vankomaisini, au arudi nyumbani na linezolidi ya vidonge. Kreatinini (kipimo cha figo) imepanda kidogo. Kaka anasema dripu ndiyo dawa, vidonge ni kubahatisha. Mnasemaje?

Kitasa: Pole mkuu. Mjomba wangu alipigwa meropenemu akaamka. Hiyo ndiyo baba lao.

Sista_Zamu: Kitasa, meropenemu kwa MRSA ni kumwaga hela. Mdudu huyo hashikiki kwa penisilini, meropenemu wala sefalosporini karibu zote, ndiyo maana hata seftriaksoni haikufua dafu. Mjomba wako huenda alikuwa na mdudu wa ukoo mwingine.

Mfamasia_Likoni: Pole kwa kuuguza. Kaka yako ana nusu ya hoja. Vankomaisini ukiimeza haiingii kwenye damu, inaishia tumboni, kwa hiyo kwa kidonda lazima ipite mshipani. Linezolidi ni kinyume chake: ukimeza miligramu 600 karibu zote zinafika kwenye damu, sawa na aliyetundikiwa chupa. Kwa ngozi na nyama, kidonge hicho hakibahatishi.

Dripu inashinda pale mdudu akishaingia kwenye damu au valvu za moyo. Linezolidi inamzuia asizaliane tu, haimmalizi. Je, damu yake imeoteshwa? Ana homa na kutetemeka? Mguu umepigwa picha kuona kama mfupa umeguswa?

Halafu figo. Mwenye figo nzima hupewa vankomaisini miligramu 15 hadi 20 kwa kilo, kila saa 8 hadi 12. Kreatinini ikipanda dozi hupishanishwa zaidi, na kiwango cha dawa kwenye damu kinapimwa. Pasipo kipimo hicho ni kuendesha gari usiku bila taa. Ikiwekwa pamoja na gentamaisini ndiyo figo zinaumia zaidi.

Linezolidi haihitaji kupunguzwa kwa ajili ya figo, ila ina mambo yake. Picha nzima ya damu kila wiki, kwa sababu hushusha chembe sahani (zile za kugandisha damu), hasa ikipita wiki mbili. Ikienda miezi inagusa macho na mishipa ya fahamu. Na wazee wa sukari wengi hupewa amitriptilini kwa miguu kuwaka moto, wengine tramadoli. Zote mbili hazipatani na linezolidi. Tena anayechoma insulini sukari inaweza kushuka ghafla.

Mwana_Muheza: Anakunywa amitriptilini kila usiku, na insulini anachoma. Hakuna aliyetuuliza. Picha ya mguu bado.

Sista_Zamu: Mwambieni daktari kabla ya kidonge cha kwanza. Na mkienda na dripu, gramu moja isipungue saa nzima. Ikikimbizwa, uso, shingo na kifua vinawaka. Kwenye ngozi zetu wekundu hauonekani sana, kwa hiyo muulizeni kama anasikia joto na kuwashwa. Mara nyingi ni kasi tu: inasimamishwa, akitulia inarudishwa pole pole. Ndugu hupiga kelele "mzio!", dawa ikapigwa marufuku kwenye faili bure. Ila akibanwa pumzi au presha ikishuka, iteni watu mbio. Na tafadhali msiguse kile kigurudumu cha dripu ili iishe mkalale. Nawajua.

Baharia_Muscat: Daptomaisini je? Mara moja kwa siku, dakika chache imeisha. Kuna mtu anasafiri wiki ijayo, naweza kumpa.

Mfamasia_Likoni: Usitume, ndugu yangu. Chupa zake hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, sio kwenye begi la msafiri. Dawa yenyewe ni nzuri kwa ngozi na damu (kwa mapafu haifai kabisa), lakini misuli lazima ifuatiliwe kwa kipimo cha CK. Ningeuliza kwanza teikoplanini kama ipo: ni ndugu wa vankomaisini, baada ya dozi za kuanzia ni mara moja kwa siku, na kuwasha ni kwa nadra.

Kitasa: Sasa ingekuwa mzee wako?

Mfamasia_Likoni: Damu safi na mfupa mzima, daktari akikubali kusimamisha amitriptilini, ningekwenda na linezolidi. Mfupa ukiwa umeguswa au ana homa, alazwe. Na njia yoyote mtakayofuata, nyama iliyokufa ikatwe. Dawa haifiki pasipopita damu.

Mwana_Muheza: Picha imetoka, mfupa wa kidole gumba umeliwa. Analazwa leo, kesho wanamsafisha, vankomaisini inaanza usiku huu. Kaka anatamba eti alisema toka mwanzo.

Sista_Zamu: Mwache atambe. Kipimo cha kiwango cha dawa kipo hapo?

Mwana_Muheza: Hapo hapana, sampuli inapelekwa maabara ya nje. Tumeambiwa damu itachukuliwa kabla ya dozi ya nne, na kreatinini itapimwa kila baada ya siku mbili.