Kuwafundisha watoto kisa cha Zakayo: upendo wa Yesu ulitangulia, au toba yake?

Mwalimu wa Kirumba (muulizaji)

Bwana Yesu asifiwe, walimu wenzangu na wazazi.

Ninafundisha Shule ya Jumapili katika kanisa lililo jirani na mwalo wa Kirumba (mahali samaki wanaposhushwa na kuuzwa) hapa Mwanza, darasa la watoto wa miaka 7 hadi 11. Jumapili iliyopita tulisoma Luka 19:1–10, kisa cha Zakayo, mkuu wa watoza ushuru kule Yeriko, tajiri na mfupi wa kimo, aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu akipita, na lengo la somo lilikuwa kuwaonyesha watoto kwamba Mungu humpenda mwenye dhambi na kwamba upendo huo humgeuza mtu. Kisa chenyewe hakina shida kueleweka huku kwetu, kwa maana watoto wa mwaloni wanaujua ushuru kabla hawajajua kusoma; wanawaona mama zao wakilipia ndoo za dagaa, na wanamwona mtoza ushuru akizunguka na mashine yake ya kutolea risiti kati ya mitumbwi na magari ya samaki.

Yapo mambo mawili yaliyonifanya niandike. La kwanza, nilipowauliza mwishoni kwa nini Yesu aliingia nyumbani kwa Zakayo, karibu wote walijibu kwamba ni kwa sababu Zakayo aliahidi kuwarudishia watu fedha zao. Binti mmoja mwenye maswali mengi akaongeza: "Mwalimu, angekataa kurudisha, Yesu angeondoka?" Muda ulikuwa umekwisha, nami nikamwahidi kwamba nitamjibu Jumapili ijayo.

La pili linanielemea zaidi. Darasani yumo mvulana ambaye baba yake hutoza ushuru mwaloni. Tulipofika mahali ambapo watu wananung'unika kwamba Yesu ameingia kukaa kwa mtu mwenye dhambi, mtoto wa nyuma alitamka kwa sauti, "Kama baba yake huyu!" Darasa zima likacheka, na yule mvulana hakuinua uso tena hadi tulipotawanyika.

Naomba mnishauri namna ya kulirudia somo hili ili watoto wasibaki na wazo kwamba upendo wa Mungu hununuliwa kwa tabia njema, na ili mtoto huyu aweze kukaa katika darasa langu bila aibu.

Katekista wa Nyakato

Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni Mkatoliki na ninawalea watoto wa Utoto Mtakatifu, chama cha watoto Wakatoliki, parokiani kwetu, lakini Luka ni yuleyule, kwa hiyo nitajibu.

Jibu la watoto wako linatokana na jinsi kisa hiki kinavyosimuliwa kwa kawaida. Tunakimbilia mwisho, kwenye fedha zinazorudishwa, kwa sababu ndipo penye tendo linaloonekana, na mtoto anahesabu kwamba tendo hilo ndilo lililozaa yote. Warudishe kwenye mfuatano wa aya. Katika aya ya 5 Yesu anatazama juu na kusema, "Zakayo, shuka upesi, kwa kuwa leo imenipasa kushinda nyumbani mwako." Wakati huo Zakayo hajakiri kitu, hajarudisha hata senti, na yuko juu ya mti. Katika aya ya 6 anashuka na kumkaribisha kwa furaha, na katika aya ya 7 watu wananung'unika. Ahadi ya kutoa nusu ya mali na kurudisha mara nne inakuja katika aya ya 8. Mimi huandika matukio hayo kwenye vipande vya karatasi ngumu, ninavichanganya, kisha ninawaachia watoto wavipange sakafuni wenyewe huku Biblia ikiwa wazi. Wakishabishana na kuvipanga, huulizwa swali moja tu: Yesu alimwita kwa jina kabla ya ahadi au baada yake? Hapo huhitaji kuhubiri.

Kuhusu swali la yule binti, jibu lake limo sura moja nyuma. Katika Luka 18 yuko mtu mwingine tajiri, mkubwa vilevile, aliyeambiwa auze alivyo navyo na kuwagawia maskini, naye akahuzunika sana kwa maana alikuwa na mali nyingi. Marko anaposimulia habari hiyohiyo katika 10:21 anasema kwamba Yesu alimkazia macho, akampenda, kabla ya kumwambia lolote kuhusu mali. Na katika aya inayofuata mtu yule akaenda zake kwa huzuni. Kwa hiyo mwambie binti huyo kwamba yupo aliyekataa, na alipendwa. Yesu hakuondoka, aliyeondoka ni yule tajiri. Nimeona watoto wa umri huo wakinyamaza kwa muda mrefu wakishawekewa watu hao wawili pamoja, kisha wakaanza kuuliza maswali mazuri kuliko yale ya mwongozo.

Mama wa Igoma

Nichangie kama mzazi. Walimu mnafanya kazi hiyo kwa saa moja, kisha sisi tunaibomoa juma zima. Nyumbani mtoto anasikia, "Ukisema uongo Mungu hakupendi," na anasikia kutoka kwa mama, bibi na dada wa kazi, tena kwa nia njema kabisa, kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyo karibu na ulimi wakati sukari imemwagika na hakuna anayekiri. Mtoto akifika kanisani mnamwambia kwamba Mungu alimpenda Zakayo akiwa bado mdanganyifu. Atamwamini nani? Ninaomba walimu muwaite wazazi, hata kwa dakika chache baada ya ibada, mtusomee Warumi 5:8, mahali Paulo anaposema kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu "tulipokuwa tungali wenye dhambi", ili tujue mnachowafundisha watoto wetu na tusiwapinge bila kujua.

Mwalimu mstaafu, Nansio

Salamu kutoka Ukerewe. Nimesoma maelezo ya Katekista na nayakubali, ila nina wasiwasi na upande wa pili wa jambo hili. Ni kweli kwamba mwaliko uko katika aya ya 5. Lakini neno "Leo wokovu umefika nyumbani humu" liko katika aya ya 9, baada ya Zakayo kusimama na kutamka mbele ya wote atakachofanya. Tukiwafundisha watoto kwamba wanapendwa tu, tukaishia hapo, tutawalea watu wanaopendwa sana na wasiorudisha daftari la mwenzao. Upendo ulioingia katika nyumba ile uligusa kabati la fedha siku hiyohiyo, na mtoto lazima alione kabati likifunguliwa.

Tena watoto wafahamishwe ukubwa wa ahadi ile. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka mtu aliyekiri kosa la namna hiyo arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Kurudisha mara nne ilikuwa hukumu ya mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza, kama ilivyoandikwa katika Kutoka 22:1. Zakayo hakukamatwa na yeyote, wala hapakuwa na hakimu ndani ya nyumba ile, naye akajihukumu kwa kipimo kizito.

Nilipokuwa nafundisha nilitumia vizibo vya soda. Mtoto mmoja anapewa vizibo 40, ndiyo mali yote ya Zakayo. Nusu wanapewa maskini, yaani vizibo 20. Kisha tunasema kwamba alikuwa amewanyang'anya watu vizibo 5. Kurudisha mara nne ni vizibo 20. Mtoto anahesabu, anagawa, halafu anaitazama mikono yake. Luka hatuambii Zakayo alibaki na kiasi gani, na ni vema uwaambie watoto kwamba hesabu hiyo ni mfano wako. Lakini baada ya zoezi hilo hakuna anayedhani kwamba kubadilika ni kusema "samahani" kwa midomo.

Katekista wa Nyakato

Mzee wetu wa Nansio, shikamoo. Tunasema jambo lilelile kutoka pande mbili, na zoezi la vizibo nitaliiba. Nina tahadhari moja tu. Hayo ya mara nne yasigeuzwe kuwa sheria ya darasa. Miongoni mwa watoto wa mwaloni wamo wanaochota dagaa kwenye vichanja vya watu kwa sababu nyumbani hakuna mboga. Mtoto wa namna hiyo akisikia kwamba asiporudisha mara nne hajatubu, ataificha dhambi yake chini zaidi, na pengine hatarudi kanisani. Vilevile asisimamishwe mtoto yeyote mbele ya wenzake kutaja alichoiba. Zakayo alisimama kwa hiari yake, nyumbani kwake, mbele ya Mtu aliyekuwa tayari upande wake; nasi walimu hatuna ruhusa ya kuigiza sehemu hiyo kwa kulazimisha.

Mwalimu wa Kirumba (muulizaji)

Nawashukuru sana. Mama wa Igoma, nimempelekea mchungaji ombi lako. Jambo la mvulana yule bado halijaguswa. Je, niliepuke kabisa neno "mtoza ushuru" na kusema "tajiri mmoja"?

Mwalimu mstaafu, Nansio

Usiliepuke. Ukilificha, watoto watajua kwamba unamficha mwenzao, na kicheko kitakuwa kikubwa zaidi. Badala yake wape Luka 3:12–13. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji kubatizwa, wakamwuliza wafanye nini, naye akawajibu, "Msitoze kitu zaidi kuliko mlivyoamriwa." Hakuwaambia waache kazi. Wala katika kisa cha Zakayo hatusomi kwamba Yesu alimwambia aache kazi yake. Waeleze watoto kwamba wakati ule nchi ilikuwa chini ya Warumi, kwamba haki ya kutoza ushuru wa bidhaa ilitolewa kwa watu waliotarajia kujipatia faida juu yake, na kwamba ndiyo sababu wengi walizidisha na wakachukiwa. Kisha waeleze kwamba ushuru wa mwaloni una kiwango kilichopangwa na una risiti, na kwamba anayetoza kwa kiwango hicho anafanya hasa kile ambacho Yohana aliagiza. Yasemwe hayo kwa sauti ya kawaida, bila kumtazama mvulana yule na bila kumtaja baba yake.

Na wale waliocheka wana nafasi yao ndani ya Injili hiyo. Waulize ni nani katika kisa aliyemsema mwenzake mbele ya watu. Watapata wenyewe aya ya 7.

Mwalimu wa Kirumba (muulizaji)

Hilo la aya ya 7 sikuwa nimeliona, na linanitosha kwa nusu ya kipindi. Jumapili ijayo nitaanza na vipande vya karatasi, nifuate na watu wawili matajiri, halafu Luka 3. Vizibo nitaviweka Jumapili inayofuata, kwa kuwa nikichanganya yote siku moja watoto watakumbuka vizibo peke yake.

Nilikuwa nimefikiria pia kuwaigizisha. Nje ya kanisa letu kuna mkuyu mkubwa wenye matawi ya chini yanayofikika, na watoto wameniuliza kwa nini Zakayo hakupanda jiwe kama wanavyofanya wao wakitaka kuona mpira uwanjani. Nadhani mtoto wa Mwanza ana haki ya kuuliza hivyo.

Mama wa Igoma

Igizeni, Mwalimu, lakini nafasi ya Zakayo usimpe mtoto mfupi kuliko wote darasani. Kwenye darasa la mwanangu ilifanyika hivyo, na yule mtoto akaitwa Zakayo shuleni hadi alipohama. Mpe mrefu mmoja, achuchumae. Watacheka kwa ajili ya mchezo na hakuna atakayebaki na jina.

Katekista wa Nyakato

Naunga mkono. Huo mkuyu nao usiupite bure, kwa sababu picha nyingi za vitabu vya watoto huchora mti mrefu ulionyooka ambao mtu mfupi asingeweza kuupanda. Wapeleke watoto chini yake, wayaone matawi yalivyotandaa na matunda yanavyochipua kwenye shina lenyewe, na uwaambie kwamba mti wa aina hiyo ndio uliokuwa kando ya njia kule Yeriko. Usiwaruhusu kupanda zaidi ya tawi la kwanza, na atakayeigiza avue viatu kwanza. Vizibo tunavyo mfuko mzima ofisini kwa Utoto Mtakatifu; ukipita Nyakato siku yoyote kabla ya Jumamosi, mwulize mlinzi, nitakuwa nimemwachia.